Tipa za mchanga zinatumalizia barabara ya kijiji, bango la tani 5 hawalioni. Tufanyeje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi pande za Tororo, mashariki mwa Uganda. Ujumbe wake ulikuwa mrefu, nimeufupisha hivi:

"Injinia, habari za kazi. Barabara yetu ya kijiji ni ya marram (changarawe ya udongo mwekundu) na ni nyembamba, gari mbili zikikutana moja lazima iingie kwenye mihogo ya watu. Tangu waanze kuchota mchanga huko chini mtoni tipa zinapita mchana na usiku, watoto wa shule wanatembea kwenye mtaro. Sisi na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) tulichanga tukaweka bango la tani 5, madereva wanalipita kama halipo, na kalvati moja limeshapasuka. Tukaita trafiki, akaja, akasema hana mizani, akaenda zake. Sasa vijana wanataka kuweka magogo barabarani usiku. Tufanye nini, na sheria iko upande wetu ama wa wao?"

Mwalimu, habari ni nzuri, pole na vumbi. Nianze na ile ambayo hamtaipenda: bango lenu halina nguvu yoyote. Malalamiko yenu ni ya haki kabisa, hilo sibishi, ila kikomo cha uzito kinawekwa na mwenye barabara, kwa maandishi, na bango kazi yake ni kutangaza uamuzi ambao tayari upo. Bango lisilo na uamuzi nyuma yake ni ombi tu. Trafiki akimpeleka dereva kortini leo, wakili atauliza nani aliamua tani 5, lini, kwa hesabu gani, na mwenyekiti wenu hana cha kujibu. Ndo maana yule trafiki aliondoka, hiyo ya mizani ilikuwa nusu ya sababu.

Alafu hiyo tani 5 mliitoa wapi? Nauliza kwa heshima. Tipa ya tairi kumi ikiwa tupu, haina hata punje ya mchanga, iko tani 12 mpaka 13. Fuso inayokuja kuchukua mahindi yenu wakati wa mavuno, ikiwa tupu tu iko karibu na hiyo tano, ikipakia gunia chache ishapita. Gari la soda nalo hivyo hivyo, na lori lililoleta mabati na saruji ya darasa lenu jipya usiniambie lilikuwa chini ya tani 5. Sasa amri ambayo kila mtu anaivunja, na wenye kijiji wamo, dereva wa mchanga ataiheshimu kwa nini? Kikomo kinachofuatwa ni kile kinachotenga gari linaloharibu na gari mnalolihitaji.

Kwa hiyo kabla ya yote mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa, kama kilomita elfu 21 hivi, zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, tangu 2008 mpaka mwisho wa 2024, UNRA ikavunjwa na kazi yake ikarudi Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Yenu haimo humo, msipoteze nauli kwenda Kampala. Zilizobaki, na ni nyingi kuliko hizo mara kadhaa, ni za wilaya, za miji, na zile za vijijini kabisa ambazo karatasi za serikali zinaziita za jamii. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1997 wilaya inabeba za wilaya na gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) inabeba za jamii. Nenda ofisi ya injinia wa wilaya, uliza orodha ya barabara, tafuta yenu iko kundi gani na imeandikwa kwa jina gani (mara nyingi jina la kwenye karatasi silo mnalolijua nyinyi, inaandikwa kwa vijiji viwili vya mwanzo na mwisho). Kuna wakati mtakuta haimo kabisa. Inatokea sana, njia ilianza kama ya ng'ombe, wakati wa kampeni mtu akaleta greda akaipanua, picha zikapigwa, na hakuna aliyeiandika popote. Barabara ambayo haimo kwenye orodha haina bajeti wala haiwezi kuwekewa kikomo, kwa hiyo kama ni hivyo ombi lenu la kwanza ni kuandikishwa, mengine baadaye.

Na ukifika kwa injinia wa wilaya usimfokee. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kila wilaya inapewa shilingi bilioni moja kwa mwaka ya kutengeneza barabara, ukisikia bilioni unadhani ni nyingi, gawanya kwa kilomita zote za wilaya utaona yule mtu anatembea na orodha ndefu na mkoba mwepesi. Nimekaa upande huo wa meza. Anayekuja na vipimo na picha anasikilizwa kabla ya anayekuja na hasira, maana anakuwa ameshakufanyia nusu ya ripoti.

Sasa vipimo, hapa ndo pana utamu wake, nitakaa kidogo.

Watu wanadhani bila mizani huwezi kujua uzito. Mizani zipo, Busitema hapo jirani yenu, Magamaga, Lukaya, Mbarara na kwingine, lakini zote ziko barabara kuu, na tipa inayotoka mtoni kwenda site ya mtu kilomita chache haizioni kabisa. Wewe tafuta tepu ya fundi, na kikokotoo cha simu.

Chukua tipa ya tairi kumi, yaani ekseli (mhimili unaoshika tairi za kushoto na kulia) moja mbele na mbili nyuma. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2016, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele na tani 18 kwa zile mbili za nyuma kwa pamoja zikiwa na tairi pacha, jumla 26. Toa uzito wa gari lenyewe, tuseme 12 na nusu, mzigo halali unabaki tani 13 na nusu. Sasa siku moja gari likiwa limesimama, kwa ruhusa ya dereva, pima bodi. Tuseme ndani ni mita 5.4 urefu, 2.3 upana, 1.4 kimo. Zidisha, inakuja mita za ujazo 17.4 hivi. Mchanga wenye unyevu wa kawaida mita moja ya ujazo ni kama tani 1.7, ule unaotoka mtoni ukichuruzika maji ni mzito zaidi ya hapo. Zidisha tena: unakaribia tani 30. Ongeza gari, tani 42. Yaani bodi ikijaa usawa wa ubao tu, kabla hata hawajaweka kichuguu juu na kabla hawajaongeza zile mbao za pembeni, mzigo ushapita mara mbili ya halali. Si suala la kubishana, ukishajua vipimo vya bodi ukaona mchanga umefika juu, umejua.

Na utaona kitu: bodi hizo hazikutengenezwa kubeba mchanga wa mto zikiwa zimejaa. Bodi kubwa ni ya mzigo mwepesi. Mtu anainunua kwa sababu inaonekana kubwa, mnunuzi wa mchanga naye anataka iliyojaa, basi.

Sasa usikimbie na hiyo 26 kama ndo kikomo chenu. Namba hizo ni za barabara kuu za kanda, kama hiyo ya Malaba kwenda Kampala, iliyojengwa tabaka juu ya tabaka na kushindiliwa kwa vipimo. Barabara yenu ni udongo wa hapo hapo na marram kiasi juu yake. Tipa inayofuata sheria kabisa bado inaweza kuwa nzito mno kwenu. Gari kuwa halali ni jambo moja na barabara kuweza kulibeba ni jambo jingine, na ndo maana kikomo chenu lazima kihesabiwe na injinia kwa kuangalia udongo na makalvati yenu, halafu kipitishwe.

Mwenye mchanga atakuja na hoja moja, ntakwambia mapema maana huwa inawanyamazisha watu kwenye mikutano. Atasema: mimi nikijaza sana napunguza tripu, kwa hiyo nawasaidia, gari linapita mara moja badala ya mbili. Inaingia akilini, lakini siyo kweli. Wamarekani walijenga vipande vya barabara karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, halafu kati ya 1958 na 1960 wakawa wanazungusha malori ya uzito tofauti tofauti juu yake, madereva wakiwa wanajeshi, mpaka vipande vingi vikafa, wakaandika kila kilichokufa kimekufa baada ya nini. Kilichotoka pale ndo tunakitumia mpaka leo, kwamba uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiwa mara mbili, uharibifu ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani kumi na sita.

Tuiweke kwa tipa yenu. Ya tani 42, mbele tuseme iko 8, nyuma zinabaki 34, kila ekseli 17 badala ya 9. Gawanya 17 kwa 9, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe mara nne, inakuja karibu 13. Kwa hiyo, kwa ekseli hizo za nyuma, tripu moja iliyojaa inakula barabara kama tripu 13 za halali, wakati mchanga ule ule ungebebwa kwa tripu mbili na kidogo. Amewapunguzia tripu moja akawaongezea uharibifu mara sita hivi. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi kubwa ukaibandike siku ya mkutano, wewe ni mwalimu, unajua kufundisha kuliko mimi. Kwa kulinganisha tu, gari dogo lenye tani moja na nusu, ekseli moja ya tani 10 inafanya kazi ya ekseli za hilo gari dogo zaidi ya elfu 30, kwa hiyo boda na magari ya abiria mtu asiwasingizie.

Ila niwe mkweli, hesabu hiyo ilipimwa kwenye lami na zege. Kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa vizuri inakaribia. Kwenye udongo uliolowa hakuna kipeo cha nne wala cha tano, tipa moja usiku mmoja wa mvua inaweza kuacha mifereji ambayo greda tu ndo litaiondoa.

Nije kwa dereva, maana ujumbe wako wote unamlaumu yeye. Umeshawahi kumuuliza analipwaje? Wengi wa hawa jamaa wanalipwa kwa tripu, wapakiaji nao kwa tripu, mwenye shimo anauza kwa tripu, na mwenye kujenga nyumba ananunua tripu. Hakuna hata mmoja kwenye huo mnyororo anayenunua wala kuuza tani. Kilo hazimo kwenye biashara, kilichomo ni bodi imejaa au haijajaa. Dereva akifika site na bodi nusu mteja anamkatalia, bosi anamkata pesa, kesho yake gari kapewa mwingine. Unamweka bango la tani 5 mbele ya mtu ambaye mzigo wake aliupanga mtu mwingine kabla hajawasha gari, unategemea afanye nini, amwage nusu kwenye mihogo yenu? Simtetei, mwendo kasi na kupita usiku bila taa ni makosa yake mwenyewe na kwa hayo trafiki hahitaji mizani. Lakini uzito unaamuliwa shimoni. Kila kijiji nilichoona kinapigana barabarani kimechoka, vilivyopata nafuu vilikwenda shimoni.

Kwa hiyo mwende shimoni. Na si kwa mapanga, kwa karatasi. Uchimbaji wa mchanga wa kibiashara unatakiwa uwe na kibali cha mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na vibali vile huwa vina masharti, vumbi, saa za kazi, njia za magari, kutengeneza kilichoharibika. Ombeni kuona kibali, kupitia kwa afisa mazingira wa wilaya, ni haki yenu kuuliza. Kukiwa hakuna, mazungumzo yanabadilika siku hiyo hiyo. Kikiwepo, someni masharti mstari kwa mstari, nina hakika mtakuta hata moja ambalo halifuatwi.

Hapo muitishe kikao gombolola, awepo mwenyekiti wa LC3 (baraza la gombolola), chifu wa gombolola, injinia wa wilaya au mtu wake, OC trafiki (mkuu wa trafiki), mwenye shimo, na wenye magari. Mtu wa ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, pia akiwepo si vibaya, watu wanafika kwa wakati. Msiende kuomba waache kuchimba, mtashindwa, ardhi ile ina mwenyewe na vijana wenu wengine wanakula kwa koleo pale pale. Ombeni masharti yanayopimika kwa macho.

La kwanza kwangu ni mstari ndani ya bodi. Rudi kwenye hesabu yetu: mzigo halali tani 13 na nusu, gawanya kwa 1.7 unapata mita za ujazo 7.9, sakafu ya bodi ni mita 5.4 kwa 2.3, kwa hiyo mchanga unatakiwa ufike sentimita 64 kutoka sakafuni, basi. Ukiwa umelowa sana tuseme 57. Hiyo ni chini ya nusu ya bodi. Pigeni mstari wa rangi nyekundu ndani ya kila bodi kwa kimo hicho, au kile cha chini zaidi injinia atakachosema kwa ajili ya makalvati yenu, na mwenye shimo asipakie kupita mstari. Mtoto wa darasa la nne akipanda ubao anaona kama umepita. Hauhitaji umeme, hauharibiki, na mtu hawezi kuuhonga. Bei ya tripu itabadilika, ndio, mchanga utapanda bei kidogo kwa anayejenga, na hapo mjue hata nyinyi mkijenga choo cha shule mtalipa zaidi. Gharama hiyo ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa inalipwa na barabara.

La pili ni mvua. Kwenu kuna misimu miwili, Machi mpaka Mei, na ile ya Septemba mpaka Novemba. Barabara ya udongo ikifungwa kwa magari mazito wakati mvua kubwa ikinyesha na saa kadhaa baada yake, inaishi miaka mingi zaidi. Kameruni wana utaratibu huu siku nyingi, mageti ya mvua kwenye barabara za udongo, mvua ikinyesha geti linashuka, malori yanasubiri, ikikauka linapanda. Gombolola ikilipitisha na likawa na mtu anayelipwa, hata bomba la chuma na kufuli vinatosha. Ambulensi na magari madogo yapite pembeni. Ni jambo dogo na linapunguza uharibifu kuliko mabango yote mtakayochonga.

La tatu ni nani analipia. Mwenye shimo akubali kwa maandishi kuleta marram na greda kila baada ya muda, na kubadilisha makalvati aliyoyapasua. Msikubali pesa mkononi kwa kamati ya kijiji, nakuomba, hiyo kamati haitaonana macho baada ya miezi mitatu. Iwe kazi, ipimwe na injinia, au ilipwe gombolola kwa risiti.

Kuhusu kalvati lililopasuka, hili lisisubiri kikao. Pima kipenyo cha bomba na pima udongo uliopo kati ya mgongo wa bomba na uso wa barabara. Tunataka udongo wa kama sentimita 60 juu yake, ili uzito wa tairi usambae kabla ya kufika kwenye zege. Vijijini unakuta 20, kwa sababu greda limekwangua mwaka hadi mwaka na hakuna aliyerudisha udongo. Bomba zima kabisa likiwa na sentimita 20 juu yake, chini ya ekseli ya tani 17, haliponi. Lenu lililopasuka likishuka katikati, gari la shule au boda ndo litaingia usiku. Wekeni alama pande zote mbili, matawi na kitambaa chekundu, na kitu kinachong'aa taa zikipiga, pigeni picha yenye kitu cha kulinganisha ukubwa, peleka kwa injinia wa wilaya kwa barua yenye muhuri wa LC, bakisha nakala iliyogongwa "imepokelewa". Barua hiyo ndo ushahidi kwamba mwenye barabara alijua, mtu akiumia baadaye inabadilisha mambo mengi.

Na msisahau maji. Nimeona barabara zimelaumiwa kwa malori wakati mitaro imezibwa na wenye mashamba, na mgongo wa barabara umelala mpaka maji yanasimama katikati. Barabara ya marram inataka mgongo, kutoka katikati mpaka ukingoni mita mbili ishuke kama sentimita 10 mpaka 12. Kufukua mitaro mnaweza wenyewe, kwa jembe, Jumamosi mbili tatu, na mkienda kwa injinia mkiwa mmeshafanya hiyo kazi anawatazama kwa jicho jingine. Anayelima mpaka kwenye mtaro naye aambiwe, hata kama ni shemeji ya mwenyekiti.

Upembamba wa barabara sina dawa ya haraka. Tipa ni mita 2.5 hivi kwa upana, barabara yenu bila shaka iko mita nne, mbili haziwezi kupishana bila tairi kukanyaga ukingo, na ukingo ndo unaokatika kwanza. Kinachosaidia ni sehemu mbili tatu zilizopanuliwa za kupishania, mahali panapoonekana kwa mbali, na makubaliano kwamba tipa tupu ndo inasubiri, iliyobeba inapita. Na saa za shule, asubuhi wakati wa kuingia na jioni wakati wa kutoka, zisipite kabisa. Hilo wenye magari huwa wanalikubali haraka, hakuna anayetaka kugonga mtoto.

Sasa trafiki. Mkimwita tena msimwambie "wanazidisha uzito", mwambieni vitu anavyoweza kuandika pale pale: mzigo haujafunikwa turubai na mchanga unamwagika, tairi zimekwisha, taa hazipo, dereva hana leseni ya daraja hilo, watu wamekaa juu ya mzigo. Kwa uzito wenyewe, wizara ina mizani za kuhamishika, na wilaya ndo inaweza kuziomba kwa barua, wewe binafsi hutasikilizwa. Siku moja ya kupima kwa ghafla pale barabara yenu inapoungana na lami inatosha kuwapa namba rasmi za kupeleka kikaoni. Picha mnazopiga ziwe na namba ya gari na bodi inaonekana mchanga umefika wapi, tarehe na saa. Pigeni mkiwa pembeni, msisimamishe gari, msimguse dereva, msijibizane na tanboi.

Magogo: hapana. Naelewa hasira ya vijana, lakini kuziba barabara ya umma ni kosa, na usiku gogo halichagui, tipa ina bampa ya chuma na taa juu, atakayekufa ni mtu wa boda anayempeleka mama kujifungua. Mkishafanya hivyo pia, mwenye shimo anakuwa ndo mlalamikaji na nyinyi washtakiwa, kesi yenu yote nzuri imegeuka. Kama wanataka kizuizi kweli kuna cha halali, nguzo mbili za zege zinazoacha nafasi ya mita 2.2, gari dogo na ambulensi vinapita, tipa haipiti. Lakini inawekwa na mwenye barabara baada ya uamuzi, kwa alama zinazoonekana usiku, na mkumbuke Fuso ya mahindi nayo itabaki nje, kwa hiyo magunia mtayabeba kwa boda mpaka barabara kuu. Kuna vijiji vimekubali hilo, vingine vilizing'oa nguzo wenyewe msimu wa kwanza wa mavuno. Mkae muamue mapema.

Umeuliza sheria iko upande wa nani. Iko upande wenu kwenye uzito, kwenye kibali cha mchanga, kwenye usalama wa watoto. Haiko upande wenu kwenye bango mlilolitundika wenyewe wala kwenye magogo. Liondoeni hilo bango kabla ya kikao, wakili wa mwenye shimo asije akaanza na hilo.

Nitumie vipimo vya bodi mbili tatu tofauti, idadi ya ekseli, na kipenyo cha yale makalvati na udongo ulio juu yake. Nitakupigia hesabu ya mstari kwa kila gari, uende nayo kwa injinia wa wilaya aikague na aweke sahihi yake, maana yangu mimi haina nguvu kwenye barabara yenu.